Motokaa ya Nyumbani: Haja au Tamaa?

Kwetu pwani ya Kismayu motokaa ya nyumbani ikichakaa, mazungumzo ya kununua nyingine huanza na rangi. Vijana hutaka ing'arayo. Wazee husikiliza, huguna kidogo, kisha hutoa fedha. Mimi naona mambo hayo yamewekwa kichwa chini miguu juu.

Yafaa tuulize kwanza lile gari la zamani lilikuwa likifanya kazi gani. Katika nyumba za wavuvi jibu linajulikana. Alfajiri lilishuka pwani kupokea samaki. Mchana lilichukua barafu, nyavu na mapipa ya maji. Siku ya harusi lilibeba masufuria ya mtaa mzima. Ni Toyota ya mizigo, nyuma wazi. Basi atakaye badala yake gari la viti vya ngozi, na atuambie samaki watakaa wapi. Akisema atakodi gari jingine kwa samaki, nyumba imekwisha kupata gharama mbili.

Kisha uko usukani. Katika Somalia magari hupita upande wa kulia wa barabara, lakini mengi yaliyotumika Japani, yakatufikia kwa njia ya Dubai, yana usukani kulia vilevile. Dereva akitaka kulipita lori, hamwoni ajaye mpaka nusu ya gari lake imekwisha kujitokeza. Rangi haimponyi. Tena chumvi ya bahari hula bati, na gari la chini hukwama mchangani. (Ndugu zetu wa Chula na Chovai wamestarehe, wao shauri lao ni mashua.)

Yuko atakayesema kwamba mtu ana haki ya kupenda kizuri. Sikatai. Wazee wetu Wabajuni walisifika kwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi, tanga lake la mkeka. Mshono ule ulikuwa na kazi: mbao zilinyumbuka chombo kilipogusa mchanga. Lakini kwenye omo walichora macho, wakatundika na vibendera. Mtepe mmoja ulijengwa Unguja mwaka 2003, ndani ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Wazee walishona kwanza, macho yakafuata. Sisi twaanza na macho.

Na linaloniudhi zaidi ni kwamba katika mashauri hayo mama haulizwi. Ndiye auzaye samaki, ndiye ajuaye mapipa mangapi ya maji yatatosha siku tatu. Enyi kaka zetu mliokwisha kumaliza masomo, mnaopeleka fedha nyumbani kutoka Mombasa, Nairobi au Ulaya, kabla hamjatuma picha ya gari mlilolipenda, mpigieni simu yeye, mumwulize lile la zamani lilikuwa likibeba nini.