Msilaumu Santuri, Laumuni Sindano

Kabla hamjanicheka kwamba nimezeeka kabla ya wakati, niacheni niseme yangu. Santuri zimerudi. Nendeni Soko la Kenyatta pale Nairobi mkaone vijana wa rika letu wakizichakura. Lakini kila ninayeongea naye anauliza gramafoni ipi inapendeza, wala hakuna anayeuliza habari ya sindano. Mimi nasema tumekosea mahali pa kuanzia.

Nyumbani tuna santuri arobaini na kitu za marehemu babu, nyingi zikiwa zile ndogo za mwendo wa 45: Daudi Kabaka, Fadhili William na benga tele. Krismasi moja mjomba alimnunulia nyanya gramafoni mpya ya sanduku, nyekundu, inang'aa kama lori la soda. Nyanya akafurahi mno, akawa anaucheza wimbo mmoja kila jioni. Kufikia Pasaka wimbo ule ulikuwa ukikoroma kama mtu mwenye mafua. "Mama, santuri zenyewe zimezeeka," mjomba akasema. Nyanya akanyamaza.

Mimi sikunyamaza. Niliomba ruhusa nikaileta gramafoni ile shuleni, na mwalimu wetu wa fizikia akaitegea sindano mizani ya maabara. Gramu 5 na zaidi! Katriji ya kawaida ya sumaku hutaka kama gramu 2 tu. Ile ya sanduku ni ya kauri, yaani hubonyeza kwa nguvu, na mkono wake hauna pa kupunguzia uzito. Sasa, mfereji wa santuri ni plastiki, ukishachimbika haurudi. Kwani hapo mwenye kosa ni santuri?

Kumbe gramafoni ya babu iko stoo, chini ya magunia. Mkono wake una kizani nyuma cha kuzungushwa, na katriji hufungwa kwa skrubu mbili zilizoachana milimita 12.7, kipimo ambacho katriji nyingi hufuata mpaka leo. Amplifaya yake ina tundu la fono, jambo la maana sana, kwa sababu katriji ya sumaku hutoa milivolti chache tu. Ukiichomeka tundu lingine utasikia mbu. Kilichokosekana ni katriji yenyewe, maana ya zamani ilivunjika.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza katika chama chetu. Wapo waliosema tununue Ortofon 2M Red ya Denmark. Ni nzuri, siikatai, na baadaye mtu anaweza kuichomeka sindano ya 2M Blue bila kubadilisha mwili. Lakini bei yake! Wengine wakapendekeza Audio-Technica ya Japani, AT-VM95E, ambayo ncha yake ni ya duaradufu. Mimi nikachagua ndugu yake wa bei ya chini, AT-VM95C, yenye ncha ya mviringo. Nikaitwa bahili.

Hebu nijitetee. Ncha ya duaradufu ni nyembamba, nayo husoma vizuri zaidi, hasa karibu na katikati ya santuri ambapo sauti hubanana. Mwenye santuri kubwa zilizotunzwa aichukue, nitampongeza. Ila santuri zetu zimechezwa harusini na matangani, zikapita mikono mingi. Ncha ya mviringo haichokonoi kila mkwaruzo. Tena hudumu: watengenezaji wenyewe huikadiria saa 500 hivi, na ile ya duaradufu saa 300. Na kwa kuwa jamaa hizi zote hubadilishana sindano, nikipata pesa kesho nitachomoa moja nichomeke nyingine. Ubahili uko wapi? (Zile za mwendo wa 78 ni habari nyingine kabisa, mifereji yake ni mipana, zinataka sindano nene yake.)

Jambo moja tu sikubali kubishana: sindano iliyotumika. Muuzaji mmoja wa mjini aliniapia kwamba yake "imecheza wiki moja tu." Kwa macho matupu huwezi kujua. Tuliiangalia kwa darubini ya maabara ya biolojia, tukakuta ncha imelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu cha mwalimu wa zamu. Nikamrudishia.

Katriji mpya iko njiani, kwa pesa ambazo zingenunua mbuzi wa wastani. Nyanya ndiye aliyetoa nyingi, mimi nikaongezea za likizo. Ule wimbo wake wa jioni ameutia ndani ya foronya na kuufungia sandukuni, na amekataa katakata usichezwe tena na ile gramafoni nyekundu. Mjomba bado haongei nami vizuri.