Kadi ni Jembe la Siku ya Kwanza

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba mtu aliyefika jana hajui kisima kiko wapi, hajui njia ya shambani, wala hajui mbwa wa nyumba ipi huuma. Basi wakampa siku mbili za kuzoea kabla hajaanza kudaiwa kazi. Jiji letu la Dar es Salaam limeigeuza methali hiyo kichwa chini miguu juu. Siku hizi mgeni anapewa jembe siku ya kwanza, tena analinunua kwa pesa yake, na akiondoka hakuna anayemrudishia kitu. Jembe lenyewe ni kadi ya usafiri.

Nieleweke mapema. Sipigani na kadi kwa kuwa ni mpya, wala siililii Dar es Salaam ya zamani, maana hiyo ya zamani niliisubiri sana vituoni nayo isije. Ninalosema ni moja tu: mpango wa nauli wa mji upimwe kwa mtu atakayekaa siku mbili, usipimwe kwa mtu aliyezaliwa Ilala. Mwenyeji ataumudu mpango wowote hata uwe mbovu namna gani, kwa sababu atajifunza uchochoro wa kuukwepa. Mgeni hana uchochoro. Kinachomuumiza yeye ndicho kibovu chenyewe.

Na mgeni huyo ni nani? Wakubwa wakisikia neno "mgeni" huona mtalii mwenye kofia pana na kamera kifuani. Huyo ana gari la hoteli, tumwache. Nenda Kariakoo asubuhi, simama Mtaa wa Kongo au Msimbazi, ndipo utamwona mgeni wa kweli. Ni mama wa Songea aliyekuja kufunga mzigo wa vitenge. Ni kijana wa Lubumbashi anayetafuta vipuri. Ni Mngazija, ni Mzambia, ni Mmalawi, ni mwalimu wa Kigoma aliyetumwa na wenzake wa chama cha kuweka na kukopa. Jina lenyewe la Kariakoo ni la wageni: limetokana na kile kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambacho Waingereza walikiweka hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Eneo hilo liliitwa kwa watu waliotoka mbali na kubeba mizigo, na mpaka leo linakula kwa watu wanaotoka mbali na kubeba mizigo. Soko kuu, lile jengo la Beda Amuli lililojengwa miaka ya sabini, liliungua Julai 10, 2021, lakini mitaa inayolizunguka haikuacha kuuza, kwa kuwa wageni hawakuacha kuja.

Sasa mtazame mgeni huyo akiingia mjini. Zamani basi la mkoani lilimshusha Mnazi Mmoja au Kisutu, akajitwika mfuko wake akatembea. Kisha ikawa Ubungo. Tangu mwaka 2021 anashushwa Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilomita 20 hivi kutoka anakokwenda. Akija kwa boti ya Unguja anateremka karibu na Posta ya Zamani. Akija kwa treni ya umeme kutoka Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, anateremka Stesheni. Popote atakapoteremka, jambo la kwanza mji unalomwambia si karibu. Jambo la kwanza ni nauli. Ndiyo maana nasema nauli ni adabu ya mji. Kwa nauli mgeni anatujua sisi ni watu wa namna gani.

Tuangalie adabu yetu ilivyokuwa. Kampuni ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likazaliwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Wenye umri wangu wanayakumbuka yale mabasi marefu ya Ikarus yaliyounganishwa katikati, ambayo watu waliyaita kumbakumba. Kondakta wa UDA alikuwa na tiketi. Kilikuwa kijikaratasi chepesi kisichofaa hata kufungia karanga, lakini kilikuwa na namba na bei. Ulipokishika mkononi, shirika lilikuwa limekiri mambo mawili: kwamba limepokea pesa yako, na kwamba lina deni la kukufikisha. Mkaguzi akiingia, anaulizwa kondakta na unaulizwa wewe. Tiketi ilikuwa shahidi wa pande zote mbili.

Mabasi yakapungua, shida ikazidi, na mwaka 1983 serikali ikayaruhusu magari ya watu binafsi. Ndipo likaja jina la daladala. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, na makonda wakapiga kelele vituoni: "Dala! Dala!" Hebu lifikirie jambo hilo, ndugu msomaji. Gari liliitwa kwa bei yake! Mgeni aliyeshuka kutoka Tabora hakuhitaji kusoma bango wala kumwuliza mtu. Alisikia jina la gari na hapo hapo akajua atoe kiasi gani. Sijui mji mwingine uliowahi kumtangazia mgeni nauli kwa ufasaha kama huo.

Lakini daladala ilitunyang'anya tiketi. Konda hukunja noti zake kwa urefu katikati ya vidole, hutikisa sarafu kiganjani, naye huweka mahesabu yote kichwani. Akisahau chenji yako, huna karatasi. Akikuteremsha njiani ili ageuze gari, huna karatasi. Ulichobakiwa nacho ni abiria wenzako. Na hapa lazima tuitendee haki daladala, kwani abiria wale hawakuwa shahidi mdogo. Mgeni akitozwa zaidi, mama wa kiti cha nyuma husema, "We konda, mrudishie mzee wa watu hela yake," na mzee mwingine huongeza neno, na konda huirudisha huku akinung'unika. Tuliipoteza karatasi lakini tulibaki na baraza.

Ukaja mwendokasi. Mabasi yalianza kubeba watu Mei 2016, kutoka Kimara mpaka Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, pale ubavuni mwa Kariakoo. Nauli zilizoanza nazo zinafaa kukumbukwa: shilingi 400 kwa basi la njia ya pembeni, shilingi 650 kwa njia kuu, na shilingi 800 kwa anayepanda yote mawili. Fanya hesabu. Mia nne na mia sita hamsini ni 1,050. Aliyeunganisha aliokoa 250. Huo ulikuwa uungwana, na aliyeupanga alijua kwamba safari ni moja hata kama magari ni mawili. Kadi nazo zilikuwapo mwaka huo huo. Kisha zikatoweka madirishani, watu wakarudi kwenye foleni ya tiketi za karatasi, na miaka kadhaa baadaye kadi zikatangazwa tena kwa sura nyingine. Upande wa pili, kivuko cha Kigamboni kikaingia kwenye N-Card, kadi ile ile ya kuingilia mpirani Uwanja wa Mkapa.

Hapa ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Kadi na tiketi zinafanana kwa macho, lakini ni vitu viwili vinavyopingana. Kwa tiketi, mwenye gari ndiye mdaiwa: amekwisha kupokea, sasa anadaiwa safari. Kwa kadi, unamkopesha mwenye gari kabla hujajua hata kama gari litakuja. Pesa yako inalala kwake leo, kesho, na mwezi ujao. Mwenyeji anaweza kusema ataitumia Jumatatu. Mgeni hana Jumatatu. Salio linalobaki katika kadi ya mgeni ni pesa iliyokwisha kuondoka mfukoni mwake bila kumpeleka popote.

Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja wala sitasema ni cha chombo gani kwa kuwa ugonjwa huu si wa mmoja, nilisimama nyuma ya mama mtu mzima mwenye mfuko wa rambo na noti ya elfu mbili mkononi.

"Mama, hapa ni kadi tu," kijana wa dirishani akamwambia.

"Mwanangu, mimi ni mgeni. Kesho kutwa naondoka."

"Nunua tu, mama. Utaitumia ukirudi."

"Nikirudi mwakani?"

Kijana akatazama pembeni, maana hakuwa na jibu, na kosa halikuwa lake. Hapo hapo akajitokeza kijana mwingine kutoka pembeni ya geti, kadi mkononi, akamwambia mama amgusishie kwenye mashine, kisha ampe nauli na "ya maji kidogo". Mama akalipa. Mashine ikalia, geti likafunguka, na katika vitabu vya mwenye geti kila kitu kilikuwa safi. Yule mama alilipa zaidi ya nauli halali, hakupewa tiketi, na hakuna mama wa kiti cha nyuma aliyesema neno. Mashine haina baraza.

Watetezi wa kadi wana hoja, na nitazitaja bila kuzipunguza. Wanasema kadi huziba mianya ya wizi, kwani pesa taslimu ikipita mikono mitano hufika nusu. Kweli. Wanasema foleni hupungua. Kweli, siku mashine inapofanya kazi. Wanasema kadi huhesabu watu, na bila hesabu huwezi kupanga mabasi. Kweli tena. Lakini tazama: faida zote tatu ni za mwenye basi. Yeye ndiye haibiwi, yeye ndiye anaokoa muda, yeye ndiye anapata hesabu. Kama faida ni yake, kwa nini gharama ya jembe iwe ya mgeni? Anayetaka shamba lake lilimwe vizuri hununua jembe mwenyewe.

Wengine husema simu itatutoa katika shida hii, kila mtu alipe kwa simu. Ni kweli tumezoea kulipana kwa simu tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008. Ila laini za simu siku hizi husajiliwa kwa alama za vidole, na mtu wa Lubumbashi au Moroni hatasajili laini ili apande basi vituo vinne.

Wala tusidhani majirani wote wamefaulu. Nairobi walijaribu kuziondoa pesa taslimu kwenye matatu. Mwaka 2013 ikaja BebaPay, mwaka uliofuata serikali ikashinikiza, na kadi za kampuni mbalimbali zikashindana. BebaPay ikafungwa mwaka 2015 na matatu zikaendelea kupokea noti. Kigali walianza na kadi ya Tap&Go mwaka 2015, na ikashika, lakini huko pia mgeni hutakiwa atafute kadi kwanza. London, mabasi yalipokataa pesa taslimu Julai 2014, mgeni aliruhusiwa kugusisha kadi ya benki yake mwenyewe aliyokuja nayo mfukoni, kwa bei ile ile ya mwenyeji, na makato ya siku yakifika kikomo mashine huacha kukata. Sisemi tuige London. Mama wa Songea hana kadi ya benki ya kugusisha. Nasema tuige ile fikra: mgeni alipe kwa kile alichokuja nacho. Wa kwetu amekuja na noti.

Basi ninayodai ni haya. Kwanza, popote penye geti pawe na dirisha la tiketi ya safari moja kwa pesa taslimu, kwa bei ile ile, na tiketi iwe na bei, njia, saa na namba ya kulalamikia. Pili, anayerudisha kadi arudishiwe thamani yake na salio lake lote, siku hiyo hiyo, bila fomu. Tatu, kadi iwe moja kwa mwendokasi, kivuko na daladala, maana mfuko wa mgeni ni mmoja hata kama ofisi zetu ni nyingi. Nne, urudi ule uungwana wa mwaka 2016 wa nauli ya kuunganisha, tena na pasi ya siku nzima kwa anayezunguka Kariakoo, Posta na Ilala akitafuta mzigo. Tano, mashine ikifa, geti lifunguliwe. Ubovu wa mashine si kosa la abiria.

Hakuna katika hayo linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Yote yanahitaji mtu mmoja mwenye madaraka avae kandambili, ashuke Mbezi Luis na mfuko na noti ya elfu kumi, asimwambie mtu jina lake, na ajaribu kufika Gerezani. Akifika bila kudhulumiwa, nitanyamaza.

Nawe msomaji wa Magomeni au Buguruni, usiseme haya hayakuhusu kwa kuwa kadi yako unayo. Iko siku utateremka Nairobi, Kigali au Kampala, jua likiwa linazama, bila kumjua mtu. Utasimama mbele ya dirisha na pesa yako halali mkononi, na utatamani mno kwamba aliyeupanga mji ule aliwahi kukufikiria.