Kutoamini si Kukanusha: Hoja kutoka Mwankoko

Mtu anayesimama juu ya ardhi kavu ya Mwankoko, kata mojawapo ya Manispaa ya Singida, kabla kisima hakijachimbwa, anaweza kutoa kauli mojawapo kati ya hizi:

(1) Naamini kuwa hapa pana maji.
(2) Naamini kuwa hapa hapana maji.
(3) Siamini kuwa hapa pana maji.

Kauli (1) na (2) ni madai, na kila moja inamwajibisha msemaji kutoa ushahidi. Kauli (3) ina utata. Kwa maana ya kwanza, kikanushi *si-* kinakanusha kitenzi *-amini* peke yake: msemaji hana imani hiyo, wala hana iliyo kinyume chake. Kwa maana ya pili, ukanushi huo unahusishwa na kishazi tegemezi, na kauli inakuwa sawa na (2). Katika mazungumzo ya kawaida, maana ya pili ndiyo hupokewa upesi. Hivyo asiyeamini huhesabiwa kuwa amekana.

Kosa hili si la darasani tu. Katika miaka ya 1940 Singida ilikumbwa na mauaji yaliyohusishwa na watu-simba. Palikuwa na waliodai kuwa wauaji walikuwa simba wa porini, na waliodai kuwa walikuwa watu waliojivika ngozi za simba. Watu walishtakiwa mahakamani. Katika hofu ya namna hiyo, anayesema "siamini kuwa fulani ameua" huweza kudhaniwa kuwa anamtetea mshukiwa, ilhali amesema tu kwamba hajaridhishwa na ushahidi.

Methali nazo huvutia pande mbili. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja" huufanya uvumi kuwa ushahidi. "Dalili ya mvua ni mawingu" hudai kwanza kuwapo kwa dalili. Hata hivyo, mkulima wa Singida anafahamu kuwa mawingu mengi hupita bila mvua. Dalili si yakini.

Je, ina maana kwamba ukosefu wa ushahidi hauthibitishi lolote? La hasha. Kisima kilichochimbwa hadi kina cha kutosha kisitoe maji kinahalalisha kauli (2). Ardhi isiyochimbwa haiihalalishi. Inaruhusu kauli (3) tu, kwa maana yake ya kwanza. Tofauti imo katika utafutaji: ukimya wa mahali palipotafutwa vema una uzito, ukimya wa mahali pasipotafutwa hauna.

Mahakama huzingatia kanuni hiyo inapomwachia mshtakiwa kwa kukosekana ushahidi: hakimu halazimiki kuamini kuwa mshtakiwa hana hatia; yatosha kwamba hakuaminishwa kuwa anayo. Kiswahili kina maneno *shaka*, *dhana* na *yakini* ya kuzitenga hali hizi. Kinachohitajika ni sarufi na ufundishaji vinavyoipa maana ya kwanza ya kauli (3) nafasi yake, kwa kuwa pasipo nafasi hiyo kila mwenye shaka atalazimishwa kuchagua upande kabla kisima hakijachimbwa.