Mkunga Asiachwe Nje ya Mlango

Zamani huku kwetu, kuanzia Diani hadi Msambweni, mwanamke aliposhikwa na uchungu aliyeitwa kwanza alikuwa mkunga. Mkunga alimpokea mtoto, lakini alikuwa na kazi nyingine pia: alikaa. Alimkanda mzazi mgongo, akamnywesha maji, akamwombea dua, wala hakuondoka mpaka mtoto alie.

Siku hizi twahimizwa kuzalia hospitali, nami naafiki. Damu ikimwagika, dua na maji ya moto havitoshi. Yatakiwa sindano, damu ya kuongezwa na daktari wa kupasua. Serikali ilipofuta ada ya uzazi katika hospitali zake mwezi Juni 2013, akina mama wengi zaidi walielekea huko.

Lakini mkunga tulimwacha langoni. Kazi ya mikono yake ilichukuliwa na muuguzi. Kazi ya kukaa haikupata mrithi. Muuguzi mmoja mwenye wazazi watano atakaa na yupi? Katika hospitali moja nilimwona binti wa mimba ya kwanza akiingizwa wodini peke yake, mamake akiambiwa asubiri chini ya mwembe. Binti kama huyo, mimba ya pili huenda akajificha nyumbani, na hapo ndipo penye hatari.

Huko Marekani kazi hii imefufuliwa, na mwenye kuifanya huitwa dula. Hazalishi wala hakati kitovu; hukaa na mzazi, basi. Mwaka 2017 wataalamu walichambua majaribio 26 yaliyohusu wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, wakaona kwamba mwenye mtu wa kumliwaza huelekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, na uchungu wake huwa mfupi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri kila mzazi awe na mwenzi amtakaye.

Sisi Waislamu jambo hili si geni. Bibi Maryam alipofikwa na uchungu penye shina la mtende, hali yu peke yake, alitamani kufa. Sauti ya kumliwaza ndiyo iliyotangulia, kisha maji na tende.

Huambiwa kwamba wodi ni finyu na wazazi wengine wahitaji stara. Ni kweli. Basi yatiwe mapazia, aingie mwanamke mmoja tu, na aelezwe mipaka yake. Mkunga akikaribishwa ndani, yeye mwenyewe atawaleta akina mama mapema. Akifukuzwa, watabaki naye nyumbani.