KONA YA ELIMU: Chuoni Hakuna Kengele

  

Mwezi huu kona yetu inaongea na familia zenye kijana anayemaliza sekondari, au ambaye jina lake limeshatoka kwa ajili ya chuo. Wazazi kadhaa wameniuliza swali moja: "Mwalimu, mtoto wangu hapa kambini alikuwa wa kwanza darasani. Amefika chuo, mwaka wa kwanza tu ameanguka. Amelogwa, au ni marafiki wabaya?" Jamani, tusikimbilie huko. Mimi masomo yangu yameishia sekondari, lakini nimewasikiliza wengi waliotangulia, waliofaulu na waliorudi. Karibu wote wanataja jambo lilelile: chuoni hakuna kengele.

Kambi inatuzoeza kungoja

Hebu tujiangalie wenyewe. Hapa chakula kina siku yake, inaandikwa kwenye ubao wa matangazo. Maji yana saa zake. Kuni, hospitali, barua ya ruhusa, kila kitu ni zamu na orodha. Shuleni kengele inalia, mwalimu anaingia, anaandika ubaoni, mtoto ananakili. Hata mwaka 2015, sisi tuliovuka kutoka Kabonga kwenda Kagunga tulikaa ufukweni tukingoja zamu ya kupanda meli ya Liemba kwenda Kigoma. Kungoja si ubaya. Kungoja kwa subira kumetufikisha hapa tulipo.

Lakini chuo hakimwiti mtu. Asubuhi hakuna atakayegonga mlango kusema "amka". Mwalimu wa chuo akiona kiti kitupu, haendi kuuliza wazazi. Kijana aliyezoea kupangiwa siku nzima anajikuta ana saa nyingi mkononi, anadhani ni mapumziko. Kumbe saa zile ndizo masomo yenyewe.

Chukua mfano wa Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa Bujumbura mwaka 1964, ambacho wengi mnakijua kwa majina ya kampasi zake: Mutanga, Kiriri, Kamenge. Tangu sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2011, masomo ya vyuo vya Burundi yanahesabiwa kwa krediti. Mwaka mmoja ni krediti 60, miaka mitatu ya shahada ya kwanza ni krediti 180. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Krediti haihesabu tu muda wa kukaa mbele ya mwalimu. Inahesabu pia kazi ambayo mwanafunzi anaifanya peke yake: kusoma, kufanya mazoezi, kuandika. Kwa hiyo anayehudhuria kila siku lakini jioni hafungui daftari, amefanya nusu ya kazi. Na kuna kozi zinazofundishwa mfululizo, wiki chache tu, halafu mtihani. Ukisema "nitaanza wiki ijayo", wiki ijayo kozi imeisha.

Kwa nini jambo hili ni letu sote

Mwaka 2019 UNHCR ilisema kwamba katika kila vijana wakimbizi 100 duniani, ni 3 tu waliokuwa wakisoma elimu ya juu. Ikawekwa shabaha ya kufika 15 katika kila 100 ifikapo mwaka 2030. Ripoti za baadaye zilitaja idadi iliyopanda. Tunapanda, lakini mlima bado mrefu. Ufadhili kama ule wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa pesa za serikali ya Ujerumani, unagombewa na wengi, na aliyeupata anaangaliwa matokeo yake. Nafasi ikipotea haikai kumngoja mtu. Na nyuma ya kijana mmoja kuna mama aliyeuza sehemu ya mgao, kuna dada aliyeacha zamu yake ya kusoma ili kaka asome. Ndiyo maana tusilifanyie mchezo.

Wenzetu wa Dadaab, kule Kenya, walilielewa mapema. Mwaka 2013 ulianza mpango wa vyuo vikuu viwili vya Kenya, Kenyatta na Moi, pamoja na vya Kanada, York na British Columbia, kusomesha wakimbizi mle mle kambini, wengi wao walimu. Kabla ya kuingia masomo yenyewe, wanafunzi walipitia kwanza masomo ya maandalizi: lugha, kompyuta, na namna ya kusoma. Ona hilo: watu wazima, walimu kabisa, walifundishwa kwanza jinsi ya kusoma. Hawakuona haya.

Sisi hatuna mpango kama huo mlangoni petu. Lakini maandalizi mengine hayahitaji mradi wala gari la shirika. Yanahitaji familia. Nayaandika moja moja.

1. Saa moja, mahali pamoja, kila siku

Kijana achague saa moja ya kusoma, na iwe ileile kila siku. Si lazima iwe ndefu. Bora saa moja kila jioni kuliko usiku mzima mara moja kwa mwezi. Asingoje mwalimu atoe kazi, ajipangie mwenyewe: leo hesabu, kesho Kifaransa. Familia nayo iheshimu saa hiyo kama inavyoheshimu saa ya maji. Asitumwe dukani, redio ipunguzwe.

Na hapa naomba niseme kuhusu mabinti. Mvulana akifungua daftari tunasema "mwacheni anasoma". Binti akifungua daftari tunamkumbusha masufuria. Saa yake ataitoa wapi? Kaka mtu anaweza kubeba ndoo, mikono haitakatika.

2. Rudia kabla hujasahau

Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima amesahau kiasi gani. Aliona kwamba sehemu kubwa inapotea upesi, ndani ya siku ya kwanza, halafu kusahau kunapungua kasi. Aliona pia kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunashika kuliko kukariri kwa mkupuo.

Maana yake kwetu ni rahisi. Somo la asubuhi lisomwe tena jioni hiyohiyo. Lirudiwe baada ya siku mbili tatu, kisha mwisho wa wiki. Na kurudia si kupitisha macho juu ya mistari. Funga daftari, eleza kwa mdomo wako ulichojifunza. Kama hakuna wa kumweleza, mweleze bibi. Bibi asipoelewa, pengine ni wewe ambaye hujaelewa.

Wavuvi wa Kabonga, mwezi ukiwa mpevu, wanapumzika kuvua dagaa, kwa sababu taa zao haziwavuti samaki usiku wenye mwanga. Lakini hawalali siku zote hizo. Wanashona nyavu. Mwanafunzi pia, siku isiyo na mtihani ndiyo siku ya kushona wavu.

3. Lugha ya darasani

Watoto wetu wa pwani ya ziwa, kuanzia Rumonge mpaka Nyanza-Lac, wanaongea Kiswahili na Kirundi bila shida. Lakini kozi za chuo Burundi ni kwa Kifaransa, na anayekwenda chuo cha Tanzania atakutana na Kiingereza. Wengi wanaoanguka hawakushindwa somo, walishindwa kuelewa swali. Kijana awe na kadaftari kadogo ka maneno. Maneno matano kwa siku yanatosha, kila neno na sentensi yake. Asikilize habari za redio kwa lugha hiyo, kisha aandike mistari mitatu ya alichosikia. Na jambo gumu alielewe kwanza kwa Kiswahili au Kirundi, halafu ndo alirudishe kwenye Kifaransa. Kukariri Kifaransa usichokielewa ni kubeba gunia bila kujua ndani kuna nini.

4. Kuuliza, na kutojificha

Kuna kijana anayefika mjini akiogopa kusema anatoka kambini. Anakaa nyuma, haulizi, hana kikundi. Dawa yake ni kufanya mambo matatu wiki ya kwanza: kumjua mwakilishi wa darasa, kujua maktaba inafunguliwa saa ngapi, na kupata wenzake wawili watatu wa kusoma nao. Hapa kambini tumezoea kitabu kimoja kwa watu sita. Ule ni utajiri, auchukue aende nao. Na akiwa Bujumbura, lafudhi yake ya ziwani isimtie haya. Afike Buyenzi tu, atasikia Kiswahili mpaka usiku.

5. Pesa: tukubaliane kabla ya safari

Hapa nitasema polepole, maana najua maisha ya kila nyumba. Kijana akipata ufadhili, pesa inaweza kuja ya miezi kadhaa kwa mara moja, na pengine inachelewa. Siku ikifika, simu zinaanza. Mjomba anaumwa, mdogo hana viatu, mgao umepungua. Yote ni kweli, hakuna anayedanganya. Kijana anatuma, anatuma tena, mwisho anakosa nauli ya kwenda darasani na pesa ya fotokopi. Anaanza kukosa vipindi. Sisi huku tunashangaa ameanguka vipi.

Wazazi wangu, kaeni naye kabla hajaondoka. Semeni wazi: mwaka wa kwanza atume au asitume? Kama ni kutuma, kiasi gani, na kwa shida ya aina gani? Nani peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kumpigia kuomba? Kijana naye, siku pesa inapoingia, aigawe mafungu: nyumba, chakula, nauli, masomo, na akiba kidogo ya mwezi ambao pesa itachelewa. Fungu la masomo lisiguswe. Mwanafunzi si benki ya ukoo. Akimaliza, atasaidia kwa miaka mingi. Akikatishwa, amesaidia miezi mitatu.

6. Matokeo mabaya yasemwe mapema

Mtihani wa kwanza ukienda vibaya, si mwisho wa dunia. Mara nyingi kuna mtihani wa marudio, na kuna muda wa kubadili namna ya kusoma. Kinachoua ni kunyamaza. Kijana mmoja wa huku kwetu alificha alama zake tangu mwanzo wa mwaka. Kila akipigiwa alijibu "niko sawa, baba". Mwisho wa mwaka alirudi na begi, na baba yake akajua siku hiyohiyo pamoja na majirani. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu, "Mwalimu, wote walikuwa wameshanitangaza kuwa daktari. Ningeanzia wapi?"

Jibu lile linatuhusu sisi kuliko yeye. Tukimpa kijana sifa nzito kabla hajaanza, tunamfungia mlango wa kusema ukweli. Kwenye simu tusiulize tu "unaongoza?" Tuulize: wiki hii umesoma nini? Nini kimekushinda? Umemwona nani akusaidie? Akisema ameanguka, tumshukuru kwanza kwa kusema, halafu tupange.

Kazi ya nyumbani ya mwezi huu

Hii si ya watoto peke yao. Kila familia yenye mwanafunzi wa sekondari ikae jioni moja, iamue mambo mawili: saa yake ya kusoma ni ipi, na nani atachukua kazi yake ya nyumbani saa hiyo. Andikeni kwenye karatasi, bandikeni ukutani. Baada ya wiki mbili mzazi asimwamshe wala asimkumbushe. Amwangalie tu. Akikaa mwenyewe na daftari lake bila kuitwa, huyo ameanza chuo akiwa bado kambini. Asipokaa, msimpige wala kumtukana, anzeni tena.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wenye maswali leteni shuleni, au mniambie njiani, nitajibu kwenye kona hii. Na ambao watoto wao wako chuoni sasa, wapigieni jioni hii, lakini msianze na shida za nyumbani. Anzeni na zile tatu: umesoma nini, nini kimekushinda, nani anakusaidia.

Mpaka mwezi ujao, tubaki salama.

Mwalimu wenu wa kujitolea