Oili Nzito Si Kinga ya Kila Injini

Dereva apandishaye lori lenye shehena kutoka Same kwenda milima ya Upare huweza kudhani kuwa oili ikizidi uzito, injini hudumu zaidi. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Oili nyepesi mno hushindwa na joto na mzigo wa mlimani. Utando wake hukatika, vyuma vikasagana. Lakini oili nzito mno huipotezea injini nguvu na kula mafuta bure. Tena asubuhi yenye baridi huchelewa kufika kwenye beringi. Basi mnato ufaao ni ule ulioandikwa na mtengenezaji wa injini, wala si mazoea. Walimu wa fizikia na waufundishe mnato gereji pia, si ubaoni tu.