Kuacha pombe peke yako iko nguvu: kikundi tutafute wapi?

Mara kwa mara tunasikia tangazo moja katika miji yetu ya mashariki: nganda zisifunguliwe asubuhi, pombe kali za chupa ndogo zikamatwe, bidoni za kanyanga zimwagwe mbele ya watu. Watu wanapiga makofi. Kisha siku kidogo, kanyanga inarudi kwa mlango wa nyuma. Bidoni imemwagwa, lakini yule papa aliyekuwa anakunywa amebaki na mikono yenye kutetemeka, na hakuna mtu aliyemuuliza: kesho utaipitisha namna gani?

Hapo ndipo kuna pengo. Wengi hapa hawanywi kwa raha tena. Vita imewafukuza mashambani, na tangu mwanzo wa mwaka 2025 mabenki ya Goma na Bukavu yalifunga, kazi nyingi zikakufa. Mtu anakunywa ili alale, asisikie yale aliyoona njiani. Tena pombe iko kwa kila jambo letu: kasiksi kwa mahari, kasiksi kwa kilio, chupa kwa kumshukuru aliyekusaidia kazi. Ukikataa, wanakuuliza: «Unatuzarau?» Basi anayeacha pombe hapotezi kilauri tu, anapoteza na watu wa kukaa nao. Ndiyo maana anahitaji watu wengine.

Wazo hilo si jipya. Mwaka 1935, kule Akron, Marekani, wanaume wawili walioshindwa na pombe walianza kukutana na kusaidiana. Kutoka kwao kulizaliwa Alcooliques Anonymes, vikundi ambavyo leo viko katika nchi nyingi. Mwaka 2020, watafiti wa Cochrane walichunguza tafiti 27, zenye watu zaidi ya 10 000. Waliona kwamba matunzo yanayomsindikiza mtu mpaka ndani ya vikundi hivyo yanasaidia watu wengi zaidi kubaki bila pombe kabisa kuliko matunzo mengine. Tafiti nyingi zilifanyika kwenye nchi tajiri, lakini kinachofanya kazi si mali: ni viti, saa moja, na watu wanaosema ukweli.

Mkutano wenyewe uko namna gani? Watu wanakaa kwa mzunguko. Kila mmoja anataja jina moja tu, anasema jinsi wiki yake ilivyopita, wengine wanasikiliza. Hakuna anayemhukumu. Yanayosemwa pale yanabaki pale. Kinachoombwa ni kimoja: utake kuacha. Hata ukiwa ulikunywa jana, njoo. Pengine utaombwa usikilize tu siku hiyo. Hulipi kitu cha kuingia. Wakikuomba dola, wakikuuzia dawa ya «kutapisha pombe», wakimfunga mtu kamba ao kumpiga, toka: hicho si kikundi.

Kukitafuta, anzia santre ya afya ya karibu. Uliza muuguzi, ao reko wa avenue yako, ni nani anayefuata watu wa pombe katika zone ya afya. Bukavu kuna Sosame, Goma kuna Tulizo Letu, vituo vya magonjwa ya akili vya Frères de la Charité. Kuuliza pale haimaanishi wewe ni kichaa. Uliza vilevile kwa paroisse, kwa kanisa, kwa msikiti, na kwa mashirika yanayosikiliza wahamiaji kambini. Mama anayeficha chupa jikoni anaweza kuomba kikundi cha wamama peke yao.

Lakini jambo moja tusichezee. Anayekunywa pombe kali kila siku, tangu miaka, asiiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa. Kisha anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu ambavyo haviko. Hayo si mapepo, ni mwili unaotaka pombe uliyoizoea, na inaweza kuua. Apite kwanza kwa muganga, apewe dawa na vitamini B1, ndipo kikundi kimpokee.

Na kama kikundi hakiko? Wawili wanatosha kuanza, kama kule Akron. Sisi tunajua kukutana: AVEC na likelemba zinatufundisha kila wiki kufika kwa saa, kuheshimu zamu na kutunza siri ya sanduku. Chagueni saa ya mchana, siku ya posho kwa mfano, watu warudi nyumbani mbele ya giza. Kwa hali ya usalama tuliyo nayo, mwambieni chef d'avenue mahali na saa, ili asidhani ni mkutano wa siasa. Majina musimpe, wala musiandike orodha: mtu akijua jina lake liko kwa karatasi, hatarudi.

Viongozi wanaomwaga bidoni wangeweza kuongeza tendo moja dogo: kuacha chumba kimoja cha masomo wazi saa moja kwa wiki. Na wewe jirani, siku huyu papa atakapokataa kasiksi kwa kilio, umupe chai, usimuulize kwa nini.